Mbalamwezi ya Mume Wangu

Ijumaa, usiku

Kumbe nimeolewa na mtaalamu wa anga, na sikujua.

Yeye ndiye aliyepanga baba na mama waje kesho kutoka Ilemba, eti kuna mwezi mpevu, tutakula nje kwenye mbalamwezi. Kwa baridi hii ya Sumbawanga! Tena akamwahidi baba migebuka wabichi.

Jioni akampigia mvuvi wake wa Kabwe. Kicheko nilikisikia hadi jikoni: "Kaka, kwa mwezi huu nani anaingia ziwani? Samaki tunawavuta kwa taa gizani. Ziwa zima likiwa jeupe, taa yangu wataifuata ya nini?"

Badala ya kuona aibu, bwana mkubwa akanigeuzia somo. Mwezi hauna mwanga wake, unaakisi wa jua. Hauna hewa. Unaizunguka dunia kwa wiki nne hivi, na siku zote unatuonyesha upande uleule.

Asante, mwalimu. Kesho tunapika maharage.

Nina wasiwasi kweli, maana baba hasahau ahadi, na akinuna ni mimi ninayeitwa pembeni.

Mwezi una bahati, una upande wa kuficha. Mume wangu atakaa mbele ya mkwewe na sahani ya maharage, na mbalamwezi kaichagua mwenyewe. Uso wake utaonekana vizuri sana.