Kila “a” Ina Mkia Uleule

Mume wangu,

Sisi hatujambo. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, na mwanao mkubwa sasa anavaa viatu vyako bila kujaza karatasi mbele. Mtaani herufi zako zimeenea kila mahali: kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, hata mlangoni pa zahanati. Tangu mdogo wako azitie kwenye kompyuta ya duka lake la uchapaji, kila mtu anaandikiwa kwa brashi yako na hakuna anayeshika brashi. Zinapendeza, zimeinama mbele kama watu waliochelewa kazini.

Asante kwa barua tatu za brashi yako, alizoniletea mdogo wako. Unasema kazi ya mabango huko ni nzuri, nivute subira. Nimeivuta mpaka imekatika. Jana nilizitandaza barua zako kitandani, nikaitazama ile “a” unayoimalizia kwa mkia. Mkono wako haukuwahi kutoa mikia miwili inayofanana. Nilikuwa nakutania kwamba brashi yako imelewa. Humu kila “a” ina mkia uleule, na alama ileile ya unywele wa brashi uliochomoza pembeni.

Shemeji, najua ni wewe unayesoma. Sikulaumu, ulinionea huruma. Lakini sasa basi. Kama yuko hai, mwambie anichoree “a” moja tu, hata iliyopinda. Kama hayupo, shika kalamu, uniandikie kwa mwandiko wako mwenyewe: umemlaza wapi?

Ni mimi,
mke wa kaka yako.