Kifuu cha Chini ya Kiti

Baba, shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, na labda ni afadhali, maana ungeniuliza habari za baiskeli.

Arobaini yako tumeisoma jana. Baba Mkubwa alikwishasema siku hiyo ndipo atakapotangaza nani abaki na baiskeli, na wote tulijua anamtazama kaka Hamisi. Mimi naitaka, nipelekee mihogo ya kukaanga barabarani. Nikasema ngoja waone kazi. Ile stendi yako iliyolegea, uliyokuwa ukiifunga kwa mpira, nikaing'oa. Nikanunua mpya ya mguu mmoja, nikaibana kwenye fremu karibu na gurudumu la nyuma, nikakaza nati kwa spana yako mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Ikasimama vizuri pale kwenye sakafu ya baraza. Nikajiona fundi.

Kisha nikaiosha. Chini ya kiti ulining'iniza kifuu cha nazi, cheusi kwa grisi. Nikaona uchafu tu. Nikakikata kamba, nikakitia kwenye moto uleule wa pilau ya arobaini yako.

Nikafunga sufuria ya pilau kwenye keria, nikaikokota baiskeli mpaka uwanjani kwa Baba Mkubwa. Wanaume wamekaa mikekani. Nikaegesha mbele yao, nikaachia mikono yote miwili makusudi. Mguu wa stendi ukazama mchangani polepole, baiskeli ikalala, pilau ikamwagika yote. Kuku walianza kula kabla ya shehe kufikia amina. Baba, niliona aibu mpaka masikio yakaziba.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepata nafuu. Baba Mkubwa alinisaidia kuiinua, akapapasa chini ya kiti.

"Kifuu cha baba yako kiko wapi?"

Nikamwambia nimekitia motoni.

"Alikuwa akikiweka chini ya stendi, mwanangu. Mchanga wetu hauna simile."

Miaka yote nakuona unainama kila unapoegesha, nikadhani unakung'uta makubazi. Sikuwahi kuuliza.

Watu wakala tende kwa kahawa, wakaondoka. Halafu Baba Mkubwa akanipa baiskeli. Akasema Hamisi hata kuiosha hakuiosha. Nilipokea kichwa chini, Baba, kwa kuwa kuosha kwenyewe ndiko kulikoniponza.

Nyumbani Mama, aliye edani, akaona sufuria tupu akafurahi. "Wamemaliza?" Nikamwambia wamemaliza. Hakuuliza nani. Tangu hapo simtazami usoni.

Leo nimetoboa kifuu kipya, nimekifunga palepale pako. Mama nitamwambia jioni hii, kabla majirani hawajamwambia. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, akupanulie ulipolala. Nakuahidi kesho nitakwenda na mihogo yangu, na kila nitakapoegesha, nitainama kwanza.

Mwanao,
Zuhura