Masika hatachunga nguo Idjwi

Amuri, mume wangu,

Masika ndiye ameniambia asubuhi hii, ulipotoka tu kwenda kazi: kwa ile konje, likizo yenu ya kisiwa ya Idjwi, muzungu atakufundisha kuzamia na chupa ya hewa, asubuhi na kisha midi mpaka jua inashuka, kila siku. Yeye anaogopa maji, basi umesema atachunga nguo kando ya ziwa. Ametoa nguo zake zote kwa valizi, ile sanduku ya safari. Anasema haendi.

Sombe iko kwa jiko, upashe moto.

Sisi wake zako hatuchungi nguo. ~~Umuache, mimi nitaenda kwa nafasi yake.~~ Hapana, nitasinzia ndani ya mutumbwi. Umuambie muzungu unazamia asubuhi tu, mahali maji iko mafupi. Masika akae kwa mutumbwi, ifungwe kando ya ziwa asiogope, aone mapovu yako, ajue unapumua. Kisha midi ni yake. Masika iko na shangazi kule Idjwi, ulimuuliza?

Naenda soko ya Kadutu. Usifungule radio. Masika nimemuambia hivi. Amerudisha kanzu moja kwa valizi, moja tu, kisha amelala.

Koko, muke wako wa kwanza