Umemfuta Babu Yako

Pogoni, Epiro,
Ugiriki.
14 Novemba 2023

Mpendwa mwanangu Thrasos,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na watoto mu wazima huko Melbourne, na kile kikohozi cha Danae kimepona. Sisi tu wazima, ila mimi nina hasira tangu Jumapili.

Nyimbo za zile kanda zetu za zamani, ulizozichukua uzisafishe kwa kompyuta, zimefika. Kanda kumi na mbili ndani ya kidude kidogo kuliko kidole changu! Nilikusifu kwa majirani. Kisha tukauwasha ule wimbo wa maombolezo. Bibi yako akasikiliza kidogo, akaniuliza, "Evanthia, mume wangu yuko wapi?"

Unajua marehemu babu yako Stavros hakuwa mwimbaji. Alishika iso tu, ile sauti moja nzito ya chini ambayo wenzake waliiegemea. Sauti yake haikurekodiwa popote pengine. Na programu yako imeifuta, ikidhani ni mngurumo wa friji!

Usinieleze tena habari za kubana data. Nilikusikia mwaka jana mezani, mdomo umejaa pai ya jibini: "Shangazi, kisichobadilika hakina habari. Kuelewa ni kufupisha. Hata ubongo unafanya hivyohivyo." Sawa. Mtu aliyeelewa angeandika: hapa Stavros ashike sauti hii dakika nne. Huko ndiko kufupisha. Wewe ulitupa, bwana msomi.

Na kanda zenyewe? Eti ulimwuliza bibi kwa video kama uzitupe, akanyamaza, nawe ukazitupa. Hakunyamaza! Nilikuwa kando yake. Aliinua nyusi akasema "ts", kama sote tunavyokataa hapa. Simu ikaiona "ts" yake ni kelele, ikaikata, na nyusi zikapotelea kwenye picha yenye ukungu. Lakini wewe umezaliwa hapa, Thrasos. Lini bibi yako amewahi kukubali jambo kimyakimya?

Jana nilimkuta amewasha wimbo huohuo. Hakuimba sehemu yake. Aliishika sauti ya babu yako, mwanzo hadi mwisho, bila kuyumba. Nililia. Anayo nzima kichwani, lakini ana miaka tisini na moja na pumzi inamwishia. Kata tiketi. Njoo na kinasa sauti, ukae kimya.

Nisalimie mkeo Renata, na Danae, na Ilias. Mungu awalinde wote, hata wewe. Ningekuletea na salamu za bibi, lakini nilipomwuliza aliinua nyusi. Safari hii usiseme alinyamaza.

Shangazi yako akupendaye hata leo,
Evanthia