Gitaa la Watu Wawili

Idete,
Jumatano, 14 Mei 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Nickolaus,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Brigitha na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa kuchoma miwa kimetulia. Huku kwa mama mdogo Klementina sote tu wazima wa mwili. Mpunga umeiva, ndege wamekuja kwa fujo, na kutwa nzima tunashinda shambani tukigonga madebe na kupiga kelele mpaka sauti zinakauka. Mama mdogo mgongo unamsumbua kidogo, ila mdomo wake hauna tatizo lolote. Anakusalimu sana.

Najua utashangaa kuletewa barua na kondakta wakati simu ninayo. Ulipopiga juzi ulikuwa umewaka, nami kila nilipotaka kusema nililia, mpaka salio lako likaisha. Nimeona afadhali niandike. Ulisema Jumamosi unakuja Ifakara na baba mkubwa Evod, kwamba mtamkalisha mume wangu chini awaeleze, na akileta ujanja mtampeleka polisi. Kaka, nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujakata tiketi. Leodegar hakunipiga. Hajawahi kuninyanyulia mkono hata siku moja. Hana mwanamke wa nje, halewi, na ndani kwangu hakijakosekana chakula. Nimeondoka mwenyewe, na sababu yenyewe naona haya kuitamka mbele ya watu wazima, kwa sababu ni habari ya gitaa.

Wewe ulituona tukipiga kwenye kipaimara cha mwanao, ukacheka mpaka ukashika mbavu, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza ilivyoanza. Leodegar alirithi kwa marehemu baba yake boksi la kaseti za kantri, muziki wa Wazungu wa Marekani. Makaratasi yake yote yalikuwa yameliwa na mchwa, kwa hiyo hatukujua waimbaji ni akina nani wala wana sura gani, na Kiingereza chao cha puani tulikuwa tunaambulia neno mojamoja. Hatukujali. Tulichokipenda ni lile gitaa linalolia nyuma ya mwimbaji, lile ambalo ukilisikia Jumapili mchana redioni unakumbuka watu wote waliokufa. Leodegar alitaka alipige. Akalilaza gitaa lake mapajani, akachukua kipande laini cha ekseli ya baiskeli, akawa anakitelezesha juu ya nyuzi. Kulia likalia, lakini si kama kwenye kaseti. Kwenye kaseti nyuzi zinalia pamoja, halafu uzi mmoja katikati unapanda peke yake huku wenzake wametulia. Chuma kikiteleza kinazipandisha zote. Tulirudisha kaseti kwa kalamu, kipande kilekile kifupi, mpaka utepe ukaanza kuchoka.

Mimi ndiye niliyesema hapo kuna watu wawili. Wa kwanza anatelezesha, wa pili anavuta uzi mmoja. Leodegar akaniambia nikae mbele yake nijaribu. Nikaweka kidole kule kichwani mwa gitaa, karibu na funguo za kukazia nyuzi, nikaukandamiza uzi polepole wakati yeye ameshikilia chuma chake, na sauti ikapanda palepale panapotakiwa. Kaka, tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Basi ndivyo tulivyojifunza, kipande baada ya kipande. Yeye mikono, mimi kidole na masikio, maana yeye kwa masikio si mkali kama nilivyo mimi. Kila kipande tulikipa jina letu. Kimoja tulikiita Mlango, kingine Mbuzi wa Jirani. Kile nilichokipenda kuliko vyote tulikiita Pantoni, kwa jinsi kinavyoondoka taratibu kama pantoni ilivyokuwa ikiacha ukingo pale mtoni kabla ya daraja kujengwa, na wewe uliyechelewa umebaki umesimama. Mahali pangu kwenye Pantoni palikuwa mwishoni kabisa. Leodegar alikuwa anashikilia, ananitazama, ananisubiri nivute. Watu walitualika harusini na kwenye kumbukumbu za marehemu, wakawa wanatuita Gitaa Moja. Nilikuwa nikipita sokoni nikiitwa Mama Gitaa Moja, na kwa mtu ambaye hana jina la mtoto la kuitiwa, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nilikuficha. Mwaka wa sita wa ndoa yetu mama mkwe, mama Wilhelmina, aliita kikao cha ukoo wao. Hakuwa na ubaya, alisema tu kwa upole kwamba mwanawe ni wa pekee na anazeeka bila mtoto, na kwamba wazee watafute njia. Sote tulijua hiyo njia inaitwaje. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikitazama kucha zangu. Leodegar akasubiri wote wamalize, kisha akawaambia kwamba akimwacha Luciana hatakuwa na mtu wa kumvutia uzi. Wazee wakacheka. Mama mkwe naye akacheka, na kikao kikaishia kwenye wali. Tangu siku hiyo kila swali lilipoletwa, jibu lilikuwa hilohilo, na kila mara watu walicheka na kuondoka. Mimi sikucheka, kaka. Mimi niliishi ndani ya lile jibu.

Mwaka jana alikuja pale karakana ya Leodegar mwalimu mmoja anaitwa Fidel, amepasua tairi. Alipotusikia tunafanya mazoezi akauliza mbona tunalipiga hivyo, akatoa simu yake akatuonyesha video. Mzee mmoja wa Kizungu amekaa mbele ya kitu kama meza, nyuzi zimelala juu yake, na chini kuna pedali. Anatelezesha chuma kwa mkono, mguu unakanyaga, goti linasukuma, na ule uzi wa katikati unapanda. Mtu mmoja. Miaka yote ile alikuwa mtu mmoja! Leodegar alicheka mpaka akakaa chini kwenye mafuta, nami nikacheka naye. Tulijiona mazuzu wawili waliopendezana.

Tena nikamsaidia kutengeneza gitaa kama lile, hilo nalo ulijue. Alinunua meza ya cherehani iliyokufa, akafunga gitaa juu yake, akatoa waya za breki za baiskeli kutoka kwenye nyuzi mpaka kwenye pedali za chini, na springi za kurudishia. Shida ilikuwa waya ivute kiasi gani. Ukivuta sana uzi unapiga yowe, ukivuta kidogo unanung'unika. Ni mimi niliyekaa naye nikisema kaza, legeza, kaza kidogo, hapo hapo. Nilizifundisha zile waya kuvuta kama kidole changu kinavyovuta. Niliona ni kazi yetu nyingine ya pamoja, na yeye aliniambia anafanya hivi ili kidole changu kipumzike, maana kilikuwa kimechimbika mfereji na wakati wa baridi kiliuma. Alisema kwa mapenzi, sina shaka.

Siku ya kwanza kulipiga mbele za watu ilikuwa harusi ya Jenifer, mtoto wa mwalimu wa kwaya, ukumbini parokiani. Leodegar alipoanza kuifunga meza yake, mimi kwa mazoea nikavuta kiti nikakaa mbele yake. MC akaja akaniinamia, akaniomba kwa heshima zote nisogee, kwa sababu namkinga mpiga picha za video. Nikanyanyuka, nikaenda kukaa na kina mama. Leodegar hakuona, alikuwa ameinama anaangalia waya.

Akapiga Pantoni. Kaka, nilitamani akosee. Nilikaa pale namwomba Mungu waya ikatike. Haikukatika. Alipofika mwishoni, mahali pangu, hakumtazama mtu yeyote. Alifumba macho, akakanyaga, na ule uzi ukapanda vizuri kuliko nilivyowahi kuupandisha mimi, safi kama kwenye kaseti. Nikalia, na waliokuwa karibu wakanipigapiga mgongoni wakidhani ni furaha. Mama mkwe alikuwa kando yangu. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea, kwamba kumbe Leodegar anaweza peke yake. Sidhani alikuwa na nia mbaya, lakini mimi nilisikia jibu letu limefutwa.

Nyumbani nikawa mtu wa kunyamaza. Leodegar akaniuliza, akanibembeleza, mwisho nikamwambia nusu tu, kwamba nimemisi kupiga naye. Hakubishana. Alichukua spana palepale, akafungua waya zote, akalilaza gitaa mapajani, akanivutia kiti. Tukapiga Pantoni kama zamani. Kaka, ilikuwa mbaya. Kidole changu kilichelewa, sauti ikafika pungufu, na kwa kuwa masikio yetu sote wawili yalikuwa yameshasikia inavyopaswa kuwa, hapakuwa na pa kujificha. Leodegar akasema ni nzuri, afadhali hata kuliko ile ya pedali. Alisema harakaharaka. Mume wangu akisema kweli hutafuta maneno, akidanganya ndipo huongea haraka, na mpaka siku ile hakuwa amewahi kunidanganya kwa jambo la gitaa.

Nikaona maisha yatakavyokuwa. Atakuwa anapiga vibaya kila Jumamosi kwa sababu ananihurumia, na watu watajua, na mama yake atajua. Niliweza kuishi na wakwe wanaonung'unika. Kuhurumiwa na yeye sikuweza. Asubuhi alipokwenda kununua vipuri nilikaa chini ya ile meza, nikazifunga waya zote upya moja baada ya nyingine, nikazikaza kwa masikio yangu mpaka zikawa sawasawa. Halafu nikachukua nguo zangu nikaja huku.

Sasa, kaka, hili ndilo linaloniamsha. Nilipofika, mama mdogo aliniuliza kama nimepigwa. Nilikuwa nalia, sikujibu. Yeye akachukua kimya changu kuwa jibu, akakupigia wewe, na wewe ukawasha moto. Jumapili Leodegar alikuja kwa baiskeli kutoka Ifakara, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama mdogo hakumpa hata maji. Akamsimamisha uani akamsomea mashtaka yote, kwamba amempiga mtoto wa watu na bado ana uso wa kuja. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango. Nilingoja akane. Badala yake akasema kwamba kama Luciana amesema hivyo, basi ni hivyo. Akaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, akageuza baiskeli, akaondoka. Nami sikutoka, kaka. Mama mdogo nimeshamweleza jana usiku, amelia, na amesema atamwendea mwenyewe kumwomba radhi.

Kwa hiyo Jumamosi usije na baba mkubwa, wala usilitaje jina la polisi. Njoo peke yako. Nenda pale karakana kwake, Lumemo, umsalimie kama shemeji yako, umwambie hakuna aliyemshtaki. Kisha mwombe apige Pantoni kwa pedali, nawe umtazame usoni, si mikononi. Mimi masikio yangu yanasikia kila kitu isipokuwa hicho ninachotaka kukijua. Ukiona anapiga kwa unyonge, panda gari la Idete uje unichukue, nitarudi siku hiyohiyo na sitauliza lolote. Lakini ukiona amefumba macho na uso wake una furaha, usije. Rudi zako Kidatu, nami jioni nikiona gari la mwisho limepita bila wewe nitaelewa.

Nimalizie hapa, ndege wameshatua upande wa mtoni na mama mdogo ananiita. Mpe wifi salamu zangu nyingi, wabusu watoto wote, na ukipata nafasi niwashie mshumaa kanisani. Mungu akutunze, kaka yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Luciana