Jina Langu Ndani ya Heda za Godlisten

Najma shoga yangu, weka chini hiyo sufuria usome.

Godlisten, yule yule bosi wetu wa ofisi ya kompyuta Chang'ombe mwaka 96. Leo kasimama mbele ya wageni, anasema aliyezipanga upya heda, yale mafaili yanayosomwa kwanza na kompaila, ile inayotafsiri programu kwa kompyuta, ni yeye.

Yeye, Najma. Na mie nimekaa nyuma namsikiliza.

Enzi zile lilikuwa faili moja refu kama treni, ukigusa mstari mmoja programu nzima inagoma. Miezi minne nililichambua, nikaligawa katika mafaili thelathini. Akanicheka, eti napanga vyombo kabatini. Kisha akafuta jina langu juu ya kila faili, akaweka lake.

Sasa sikia. Kila heda huwa na neno la kuizuia isisomwe mara mbili. Yangu yote niliyaanza kwa NAIMA. Aliyaona, ila C yenyewe, lugha tuliyoandikia programu, hajui hata ya kuombea maji, akaogopa akiyagusa kompaila itagoma. Akayaacha.

Leo kafungua faili kwenye skrini ya ukutani kwa mbwembwe. Mgeni mmoja akauliza, "Na hii NAIMA ni nini?"

Godlisten akafungua la pili. NAIMA. La tatu. NAIMA. Jasho linamtiririka na feni iko juu yake.

Nikasimama taratibu, nikaweka mtandio vizuri.

"Shikamoo, bosi. Mimi ndiye Naima. Mwendelee tu, yamebaki ishirini na saba."