Maua Ndani ya Chombo cha Maziwa

Goma, tarehe 18 mwezi wa saba, 1975

Mama yangu mupenzi, mama wa Cyprien,

Pokea salamu nyingi za muke wa mutoto wako. Naandika nikiwa jikoni, kwa meza ndogo, jua la kiangazi limeingia mpaka kwenye miguu yangu. Sisi tuko wazima. Cyprien anakohoa kidogo juu ya vumbi la barabara, lakini kazini anaenda. Wenceslas wetu ameota jino la pili, na anatuuma wote bila kuchagua. Na wewe, Mama, mugongo bado unakusumbua? Ng'ombe wanapata majani huko Masisi, ama jua limekausha yote?

Nataka nikueleze juu ya jikoni hii. Najua uliiona, lakini uliiona kwa dakika chache tu, na moyo wako ukachafuka.

Siku ya ndoa yetu ulisema, na mie nikasikia, kwamba binti wa mujini ni muzuri lakini jikoni kwake hakuna uso. Ee Mama, neno lile sikulisahau! Basi niliposikia unakuja kututembelea kiangazi hiki, nikasema: ataona. Nikaomba chokaa kwa mafundi waliokuwa wanajenga mutaani Himbi, nikaitia chumvi kidogo ili isishike nguo, nikapaka kuta zote mpaka moshi wa miaka miwili ukapotea. Chini nikapiga mukanda mweusi wa masizi, matope yasionekane. Mukashyaka, binti yako aliyekuwa anakaa kwetu, ndiye alishona rido ya dirisha kwa kipande cha kikwembe changu cha zamani, kile cha njano chenye ndege. Unajua mukono wake. Hata masista waliomufundisha kushona walisema mwaka huu atashinda mitihani mbele ya wote. Tulikata karatasi meno meno, tukapamba rafu. Sahani za maua tukazitundika ukutani. Mikebe ya maziwa ya unga nikaipaka nyekundu, nikaipanda majani. Tulicheka sana siku zile mbili. Wifi yangu aliniiga ninavyogombana na wauza makala ya kupikia, mpaka nikakaa chini kwa kicheko.

Halafu ukafika. Ulisifu kuta, ukasifu rido, ukaniita binti yangu, mara ya kwanza tangu niolewe. Kisha ukaona icyansi juu ya meza, kile chombo cha muti cha kukamulia maziwa, cha bibi yako, ulichotupatia Wenceslas alipozaliwa. Kilikuwa kimesuguliwa kwa sabuni, na ndani yake maji na maua ya hortensia. Ukauliza ni nani aliyefanya vile. Mukashyaka akajibu kwamba ni yeye. Ulimwambia mugeni angesamehewa, maana hajui, lakini yeye amekua kwa maziwa, alijua vizuri kwamba chombo kile hakiguswi na sabuni, kinafukizwa kwa majani tu, na kwamba kukitia maua ni kumwambia mwenye ng'ombe kuwa ng'ombe wake wamekwisha. Siku ile ile ukapanda naye kamio kubwa ya kubeba viazi, ukamutoa kwa masista, mitihani ikiwa imebaki mwezi na siku chache.

Mama, si yeye. Ni mie.

Ni mie nilikiosha. Mie ni mutoto wa dereva. Maziwa yote ya utoto wangu yalitoka ndani ya mukebe. Chombo kilinuka moshi, nikaona ni uchafu, nikakisugua kwa sabuni na muchanga. Tena nilikiona kizuri kabisa! Nilirudi nyuma mara tatu kukitazama. Mukashyaka aliporudi kutoka kwa masista alishika kichwa, akanieleza yote, akaniambia tuyatoe maua upesi. Tulikuwa bado tunaongea uliposema hodi.

Ulipouliza, aliniangalia. Aliningoja, Mama, aliningoja vya kutosha. Mie nikaangalia sufuria. Ulikuwa umetoka kuniita binti yako, na niliogopa utalirudisha neno lile. Ndipo akasema ni yeye. Hata uliposema mugeni angesamehewa, nilisikia, na nikanyamaza. Nilijionea haya kuwa mugeni, nikamuacha mwenye nyumba afukuzwe.

Wanasema njia ya muongo ni fupi. Yangu imechukua wiki tatu, na kila asubuhi ninapofungua rido ile ninaona mishono yake. Jana nilimwambia Cyprien. Hakugomba. Aliacha chai yake, akaenda kazini. Leo asubuhi ameniambia niandike mwenyewe, kwa mukono wangu, naye jumamosi atapanda huko kumuchukua dada yake, ukikubali. Masista wamesema nafasi yake ingali iko mpaka tarehe kumi ya mwezi wa nane. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mie. Nitakuja kupiga magoti mbele yako. Yeye muache ashone.

Usalimie majirani wote wa kilima, na wachungaji, na mama mudogo Donatille. Mungu akupe usingizi muzuri na mugongo usiouma.

Na sasa Mukashyaka, wifi yangu. Barua za Mama ni wewe unamusomea. Yeye hakuingia shule. Najua moyo wako. Najua ulipofika pale nilipoandika kwamba si wewe, umeruka, ukaenda moja kwa moja kwenye salamu ili kunificha mara ya pili. Nakuomba, dada, usinifiche tena. Rudi juu. Musomee yote, polepole, na kwa sauti, mpaka hapa penye jina langu.

Ni mie,
Julienne